Kilimanjaro Marathon, kilomita 42: Mweka ndiyo mbio yenyewe

Kama unatafuta marathoni ya kuvunja rekodi yako binafsi, lipia nyingine. Kilimanjaro Marathon ya kilomita 42.2 inakupa nusu ya kwanza tambarare, halafu inakupandisha Mweka, kijiji cha mteremkoni mwa Kilimanjaro, kilomita kumi na ushee jua likiwa limeshakolea, na mwisho inakuteremsha kwa mteremko mrefu unaoyamaliza mapaja. Tunaipendekeza kwa moyo wote, ila mkimbiaji ajue anacholipia. Tathmini hii ni ya mkimbiaji wa kawaida, yule wa klabu ya jogging anayemaliza kati ya saa 4 na saa 5 na nusu na Jumanne yuko kazini.

Mbio hizi zinakimbiwa Moshi tangu 2003, kwa kawaida Jumapili ya mwisho ya Februari au inayokaribiana nayo. Zinaanzia na kuishia uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, ambao wenyeji wanauita Ushirika tu. Kuna kilomita 42, zinazobeba jina la bia ya Kilimanjaro. Kilomita 21, ambazo kwa miaka mingi zilijulikana kwa jina la Tigo na sasa Yas. Na kilomita 5 za kujifurahisha, ambako utakuta wazee, watoto na ofisi nzima nzima zimevaa fulana za rangi moja. Wa 42 ndio hutangulia, kwa kawaida saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na wa 21 hufuata baada ya kama nusu saa.

Hiyo saa ya kuanza ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwisho wa Februari, jua la Moshi linachomoza kama saa kumi na mbili na dakika arobaini. Unaondoka uwanjani kuna kibaridi kitamu, mwili mwepesi, na hapo ndipo watu wengi wanapojiharibia siku. Anayemaliza kwa saa 4 na nusu anarudi uwanjani saa tano asubuhi. Wa saa 5 na nusu anafika saa sita mchana, na Februari ni katika miezi yenye joto kali zaidi Moshi, masika bado, jua likipita karibu kabisa na utosi. Kwa hiyo usiku wa kuamkia mbio, usipime nguo zako kwa ubaridi wa alfajiri. Pima kwa saa nne asubuhi: fulana nyepesi isiyo ya pamba, bukta, kofia yenye ukingo, mafuta ya kukinga jua shingoni na nyuma ya masikio.

Njia inapita mjini kisha inashika barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam. Unatoka nayo kama kilomita 8, unageuza, unarudi mjini. Kwenda unaelekea mashariki, kwa hiyo jua changa linakupiga usoni moja kwa moja. Ukingo wa kofia unafanya kazi hapa kuliko miwani ya bei mbaya. Kurudi, mlima uko mkono wako wa kulia, na kama mawingu hayajapanda utaiona Kibo, kilele chake, nzima. Lami ni nzuri, kuna vipando vidogo vidogo vya kukumbusha miguu kwamba haiko Kigamboni, lakini kwa jumla ni tambarare. Kivuli hakuna. Ndiyo kasoro ya kipande hiki, na haina dawa isipokuwa kofia na kujimwagia maji.

Ukirudi mjini una karibu nusu ya mbio miguuni, na sasa ndipo barabara inapogeukia mlimani. Kutoka Moshi, ambayo iko kama mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari, hadi mgeuko wa Mweka karibu na kilomita ya 32, unapanda zaidi ya mita 300 kwa takriban kilomita 10. Ukiugawa, mwinuko huo ni kama asilimia 3. Kwa maandishi unaonekana mdogo. Kwa miguu iliyokwisha kukimbia kilomita 21 bila kivuli ni jambo jingine kabisa, hasa kwa kuwa haupandi sawasawa: unakupa nafuu ya mita mia mbili, unakuaminisha kwamba umeisha, kisha unainuka tena kwenye kona inayofuata.

Tuweke hesabu mezani. Chukua mkimbiaji ambaye kwenye njia tambarare ya Dar angemaliza kwa saa 4 na dakika 15, yaani wastani wa dakika 6 na sekunde 3 kwa kilomita. Moshi, mkimbiaji huyo ajipangie saa 4 na dakika 35. Nusu ya kwanza aende kwa dakika 6:10 kwa kilomita, afike kilomita 21.1 kwa saa 2 na dakika 10. Kupanda hadi kilomita ya 32 ajiruhusu dakika 7:15 kwa kilomita. Afike mgeuko kwa saa 3 na dakika 29. Kushuka ashike 6:25, ambayo mguu mzima ungeiona ya kitoto, na atafika uwanjani kwa saa 4 na dakika 34 na sekunde zake.

Sasa tazama kosa linalotokea. Mkimbiaji huyo huyo anachangamshwa na ubaridi wa asubuhi na kundi la mbele, anakwenda nusu ya kwanza kwa 5:45. Anafika kilomita 21 kwa saa 2 na dakika 1, amejiwekea akiba ya dakika 9, anajiona mjanja. Kufika katikati ya mlima misuli imeisha sukari, anaanza kutembea. Kilomita moja ya kutembea mlimani inakula dakika 11 kwa urahisi. Akitembea kilomita 5 tu, amepoteza karibu dakika 19 ukilinganisha na mwenzake wa 7:15, na bado hajaanza kushuka. Akiba yake imeliwa mara mbili.

Saa ya mkononi inayokupigia kelele kila ukishuka chini ya wastani wako izime kengele hiyo kabla ya kupanda. Mlimani pima kwa pumzi. Kama unaweza kusema sentensi ya maneno sita au saba bila kukatika, mwendo ni sawa. Kama unatoa neno mojamoja, punguza papo hapo, hata kama unapitwa na mtu uliyempita Kiboriloni kule kwenye tambarare. Fupisha hatua, inama kidogo kuanzia vifundoni badala ya kiunoni, macho yawe mita kumi mbele na siyo kileleni mwa kona. Na kama unajua utatembea, tembea kwa ratiba: dakika 4 kukimbia, dakika 1 kutembea haraka, kuanzia mwanzo wa mlima miguu ikiwa bado mizima. Anayetembea kwa mpango anafika Mweka kabla ya yule anayekimbia mpaka akasimama.

Jambo moja la kujiandaa nalo: wa kilomita 21 nao wanapanda na kushuka barabara hiyo hiyo ya Mweka, kwa hiyo wakati wewe unaanza kupanda, mto wa watu unateremka. Kaa kwenye upande wako na usikate kona kuingia kwao. Pia lami ya barabara zetu imeinuka katikati na kuinamia pembeni ili maji ya mvua yatiririke. Ukikimbia ukingoni kilomita kumi, mguu mmoja unakanyaga chini zaidi ya mwingine, na nyonga au upande wa nje wa goti vitaanza kulalamika. Pale nafasi inaporuhusu, sogea kuelekea katikati ya upande wako.

Na hapa tuseme wazi kwa nini tunaipenda. Barabara ya Mweka inapita katikati ya vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, migomba na mibuni mpaka kando ya lami, na kivuli kinaanza kupatikana vipande vipande kadiri unavyopanda. Watu wametoka majumbani wamekaa kwenye kingo za mashamba. Watoto wananyoosha mikono ugonge. Hujapitishwa nyuma ya maghala wala kwenye maegesho matupu, kama njia nyingi za mbio za mjini zinavyofanya. Unakimbia ndani ya maisha ya watu, siku ya Jumapili, chini ya mlima mkubwa kuliko yote Afrika. Kwa bei ya namba ya kifuani, hicho ni kitu kikubwa.

Mteremko sasa. Wengi wanapumua wakifika mgeuko, wanadhani kazi imeisha, na kilomita ya 36 wanashangaa kwa nini kushuka kunauma kuliko kupanda. Sababu ni hii: unaposhuka, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki. Inajikaza huku inavutwa irefuke, na kukaza kwa namna hiyo ndiko kunakoivunjavunja misuli zaidi. Mapafu yako salama, moyo uko salama, lakini paja linatetemeka na goti linataka kukunjika lenyewe. Usirushe mguu mbele ukatua na kisigino. Kila hatua ya hivyo ni pigo la breki. Hatua fupi, za haraka, mguu utue chini ya mwili wako, mikono ifunguke kidogo kwa ajili ya mizani, na uache mlima ukusukume kwa kiasi unachoweza kukimudu.

Dawa yake inatengenezwa nyumbani, wiki sita hadi nane kabla. Misuli ikishapitia mteremko mara moja na kupona, mara ya pili haiumii kama ya kwanza, na kinga hiyo inakaa wiki kadhaa. Mkimbiaji wa Dar aende Pugu au Kisarawe kila Jumamosi ya pili. Wa Nairobi ana Ngong. Wa pwani asiye na kilima atumie daraja au barabara ya juu, apande taratibu na kushuka kwa kasi, mara 8 kisha 10 kisha 12. Mazoezi ya mwisho makali ya kushuka yawe kama siku 14 kabla ya mbio, yasikaribie zaidi. Anayefanya maandalizi yote kwenye lami ya tambarare ya ufukweni, hata akiwa na kilomita 60 kwa wiki, Moshi itamkamata kwenye mapaja.

Kuhusu hewa, watu wa pwani wasiogope. Mita 800 hadi 1,150 si kitu cha kukunyima pumzi kwa kiasi cha kujali. Nairobi, iliyo juu zaidi ya mita 1,600, ndiyo inayomshika mtu wa Mombasa. Kinachomdanganya mtu wa Dar huko Moshi ni ukavu wa hewa. Nyumbani jasho linamtiririka mpaka viatuni, anajua amepoteza maji. Huku linakauka juu ya ngozi na kuacha chumvi nyeupe tu kwenye fulana, anadhani hajatoka jasho.

Raba. Kwa mteremko huu, nafasi ya mbele ya kidole kirefu ndiyo inayookoa kucha: simama wima ukiwa umevaa soksi za mbio, uache upana wa kidole gumba. Kisha tumia lile tundu la mwisho kabisa karibu na kifundo, ambalo watu wengi hawaligusi. Pitisha kamba kutoka nje kuingia ndani ya tundu hilo upande uleule ili ifanye kitanzi kidogo, fanya hivyo pande zote mbili, kisha pitisha kila ncha kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta kuelekea chini na ufunge. Kisigino kinashikwa, mguu hausogei mbele kila unapokanyaga mteremko. Bila hivyo, kucha nyeusi kufikia Jumatano ni jambo la kutegemewa.

Wengi wetu tunanunua raba za mtumba, na hakuna ubaya, ila zikague. Bonyeza sponji ya kati kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama sabuni ya kipande, au ina mikunjo mingi ya mlalo kwenye kisigino, imeshakufa hata kama juu inang'aa. Iweke mezani uitazame kwa nyuma. Ikilalia upande mmoja, aliyeivaa kabla yako ameshaipinda na itakupinda. Gundi ya raba iliyokaa ghalani miaka mingi huachia ikipata joto na jasho, kwa hiyo kabla ya Moshi ikimbie angalau kilomita 80, ikiwemo mikimbio miwili au mitatu ya umbali mrefu. Zile zenye bamba la kaboni na sponji nene laini hatuzishauri kwa mtu wa saa 4 na nusu: kwenye mteremko, mguu uliochoka unayumba juu yake, na kifundo ndicho kinacholipa.

Chakula na maji. Meza za maji zipo njiani, lakini usijenge mpango wako wote juu ya meza. Beba chako kidogo mfukoni au kwenye mkanda. Kiwango cha kulenga ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Jeli moja ya wakimbiaji, ile ya pakiti, huwa na gramu 20 hadi 25, ndizi moja ya wastani inakaribia 25, soda ya kola ya mililita 330 ina kama 35. Anayetumia jeli ameze ya kwanza dakika ya 40, kabla ya njaa, kisha moja kila dakika 35 hadi 40, kila moja na mafunda ya maji. Asiyezipata au asiyetaka kuzinunua atumie tende zilizotolewa kokwa, zikafungwa nne nne kwenye mfuko mdogo. Zinafanya kazi sawa, mradi umezijaribu mazoezini. Ile kabla ya Mweka usiiruke hata kama tumbo linasema limeshiba. Kilomita ya 20, kula. Ukianza mlima ukiwa mtupu, hakuna kitakachofika kwenye misuli kwa wakati.

Maji, mililita 400 hadi 800 kwa saa zinawatosha wengi. Fuata kiu yako. Kunywa kila chupa unayopewa ukidhani ni usalama ni hatari ya kweli: maji mengi bila chumvi huzimua sodiamu ya damu, na mtu anaanza kuvimba vidole, kichefuchefu, kichwa kuuma, kisha kuchanganyikiwa. Akizidishiwa maji hapo anazidi kuumia. Pakiti ya ORS ya duka la dawa inayochanganywa na lita moja ni msaada wa bei nafuu kabisa. Chupa ya nusu lita yenye ORS ukiibeba tangu mwanzo wa Mweka inatosha. Diklofenaki na wenzake, dawa za kutuliza maumivu, usimeze asubuhi ya mbio. Zikikutana na joto na upungufu wa maji, figo ndizo zinazobeba mzigo.

Jioni ya Jumamosi Moshi itakutega kwa chakula. Mtori, ile supu nzito ya ndizi, laini usio na mafuta mengi ni mzuri, na wali pia. Kiburu, yale maharage na ndizi, acha mpaka Jumapili jioni, pamoja na mbege, pombe ya ndizi. Asubuhi amka saa tisa na nusu usiku, kula mkate mweupe na chai au uji mwepesi, ili uwe umeshakwenda chooni kabla ya kutoka. Paka mafuta ya mgando kwapani, mapajani na pale mshono wa bukta unapogusa. Wanaume waweke plasta kwenye chuchu. Jasho lenye chumvi kwa saa nne linachubua ngozi kama msasa.

Usajili ufanye mapema, na namba uichukue huko huko kama uko Dar es Salaam au Arusha, kuliko kusubiri foleni ya Jumamosi Moshi. Vyumba vinajaa wiki hiyo na bei zinapanda. Chagua gesti unayoweza kutoka kwa miguu hadi Ushirika, kwa sababu asubuhi hiyo barabara zinafungwa na bodaboda haifiki kila mahali. Kutoka uwanja wa ndege wa KIA ni kama kilomita 40. Wakenya wengi wanakuja kwa Taveta na Holili, mpaka ulio jirani kabisa na Moshi kuliko Namanga.

Je, 42 au 21? Kama hii itakuwa marathoni yako ya kwanza na umefanya mazoezi chini ya miezi minne, chukua 21. Inapanda Mweka ileile, inashuka mteremko uleule, inapata watu walewale barabarani, na unamaliza kabla ya jua kali. Wa 21 anapata sehemu bora ya njia akiwa na miguu mizima, na tunathubutu kusema kwa wakimbiaji wengi ndiyo mbio bora ya siku hiyo. Kilomita 42 ni ya mtu aliyekwisha kumaliza marathoni moja ya tambarare, aliyefanya angalau mikimbio mitatu ya kilomita 28 hadi 32, mmojawapo ukiishia na mlima.

Ukivuka mstari usikae chini. Tembea uwanjani dakika 10 na medali yako shingoni, kunywa kidogo kidogo, kula kitu chenye chumvi. Kama basi la kurudi Dar ni Jumatatu alfajiri, omba kiti cha njiani na simama kila linaposimama, na siku mbili za kwanza ngazi uzishuke kinyumenyume ukishika ukuta.